Kalasi Iliyofika na Kamiyo

Vijana, siku ya kwanza niliona kalasi inashushwa mu kamiyo, nilishika kichwa na mikono mbili. Kalasi! Si mabati, si mbao, si mifuko ya sima ya kujengea. Kalasi yenyewe, na madirisha yake, na mulango yake, hata kitasa ilikuwa imefungwa tayari ku mulango. Yote imelazwa mapande-mapande, na kila pande iko na namba. Miye nilikuwa nimejenga masomo, nyumba za watoto kusomea, hapa Bunia tangu ndevu zangu zilikuwa nyeusi: miti na udongo, kisha matofali ya kuchoma. Nikauliza shoferi: "Sasa miye fundi nitafanya nini?" Akanijibu bila kuniangalia: "Utafunga bulo, muzee." Mama wee! Nilirudi nyumbani nikamwambia bibi yangu kama kazi yangu imekufa.

Haikukufa, ilibadilika tu. Miaka ya mwisho kabla ya kupumzika nilifunga bulo, zile bolti za chuma, mupaka vidole vilikataa kunyooka. Sasa niko nyumbani na mugongo yangu, na nyinyi vijana wa ekipi ya kujenga mumekuja kuniambia: Papa Floribert, utuandikie namna kazi ile inafanywa. Sawa, nitaandika. Lakini miye sitaandika kama karatasi ya kiwanda. Nitaandika yenye iliniogopesha, sababu yenye haikuniogopesha nimeisahau.

Nianze na haya yangu, mucheke mapema. Kalasi ya kwanza kabisa nilisimamisha pano moja kichwa chini. Pano, ni ile pande ya ukuta yenye inatoka ku kiwanda. Namba yake ilikuwa sita, miye nikaisoma tisa, nikaifunga vizuri, bulo zote, nikajisifu. Jioni tunasimama inje kuangalia kazi yetu, ee Yesu, dirisha moja iko chini ku magoti! Wadogo wa mwaka wa kwanza waliipenda ile dirisha kuliko kitu yote. Walilala ku tumbo wakaangalia mbuzi zinapita. Tangu ile siku, mbele ya kusimamisha pano, natafuta kwanza kishale yenye kiwanda kimechora, kichwa yake inaangalia juu. Namba itakudanganya, kishale haitakudanganya.

Mwenye alinifundisha ni fundi moja wa Mahagi, tulimwita Ucircan, Mualur mufupi, mikono kama koleo. Alijifunza ile kazi ngambo, Uganda. Hakuwa mutu wa maneno mingi. Alinitupia nivo, ile chuma ya kupima usawa, yenye iko na maji na povu ndani, akasema: "Floribert, nyumba ya udongo inasamehe. Ukiikosea, unaongeza udongo. Hii haisamehe. Kona moja ikishuka kidole moja, mulango itakataa kufunga, na ukiulizwa utasema nini?" Akanionyesha miguu ya chuma yenye inabeba sakafu, kila moja na visi yake kubwa ya kupandisha na kushusha. "Mulango ikikataa," akasema, "usipigane na mulango. Enda chini." Nilimusikia na masikio yangu mbili. Mutaona namna nilivyotii.

Sasa tuingie mu mambo yenyewe.

Kulikuwa na masomo moja pembeni ya muji, ku mutelemuko wa kushuka ku kijito. Sitataja jina yake. Mama Beatrice alikuwa direktrisi pale, mwanamuke mukubwa, sauti yake inafika mupaka barabarani. Watu walikuwa wamekimbia vijiji vyao mwaka nyuma ya mwaka, wamejaa mu muji, na watoto wao wote walimuangukia yeye. Hakufukuza hata moja. Mwaka wa sita peke yake ilikuwa na watoto mia moja na makumi nane. Nusu wakakaa mu kalasi ya zamani, na wale wengine, makumi tisa, chini ya bashi, ile plastiki ya wakimbizi, juu ya mawe. Mvua ikipiga juu ya bashi, mwalimu ananyamaza, sababu hakuna mwenye anasikia. Na ku mwisho wa mwaka egzame ya serikali inawangojea.

Siku ya kwanza nilienda kuonana naye, alinikamata mukono hivi. "Papa Floribert, hawa makumi tisa nikiwaacha chini ya bashi mupaka Julai, hakuna atakayefaulu. Mutoto wa mukimbizi akianguka mwaka wa sita, hana kurudi. Atakwenda kuosha mchanga ku zahabu. Unanisikia?" Nikamwambia: "Nakusikia, Mama." "Basi nipe kalasi yangu."

Shirika moja ilikuwa imeahidi kalasi moja ya kiwanda, na choo ya shimo pamoja. Mama Beatrice akaita wazazi ku salongo, ile kazi ya pamoja ya siku ya posho, Jumamosi. Walikuja wengi mupaka nilishangaa. Kamiyo ilikuwa imezama mu matope kule juu, na ukuta za kalasi zikashuka ku mabega ya wazazi, mama na mama, baba na baba, wakiimba. Nilisimama pale machozi inanitoka. Sijawahi kuona kalasi inatembea na miguu ya watu.

Njo pale nilijuana na Radjabu. Radjabu alikuwa muchimbaji wa zahabu, tena si wa kubeba mifuko. Alikuwa pedeje, maana yake mwenye shimo, mukubwa wa wachimbaji wake, kule upande wa Irumu. Vita ikamufukuza na shimo yake akaiacha kule. Baba yake alitoka Kisangani, mama yake wa hapa, ye mwenyewe muislamu wa kusali mara tano. Mutoto wake Asina alikuwa mu wale makumi tisa wa chini ya bashi. Niliposema nahitaji watu wa kuchimba mashimo kumi na mbili ya fondasio, misingi ya miguu ya kalasi, na tena shimo ya choo, alicheka mupaka akashika tumbo.

"Mashimo? Papa Floribert, umemupata daktari wa mashimo!"

Nikampa vipimo: kila shimo ya fondasio sentimetre makumi sita kushuka, ukuta zake sawa, chini pawe pagumu. Alipima na mukono yake, hakuhitaji metre. Kisha akaniuliza kitu. Vijana, hapa mufungue masikio. Akaniuliza: "Papa, na udongo yenye tutatoa, tunaweza kuosha?"

Nilicheka. Kwa muchimbaji kuuliza vile ni kitu ya kila siku. Muchimbaji wa Ituri hawezi kutupa udongo bila kuuosha, kama vile mama hawezi kupika mchele bila kuuchambua. Hata akichimba kaburi, jicho yake inaangalia rangi ya mchanga. Nikasema: "Osheni, osheni tu! Mukipata kilo, munikumbuke." Watu wote wakacheka. Nikapanda kamiyo nikaenda Mahagi, sababu kisanduku ya bulo ilibakia ku mupaka, na pale nikalala siku tatu nikigombana na watu wa duane, wale wa ushuru.

Kumbe nyuma yangu waliosha, na mu shimo ya choo waliona rangi ya zahabu.

Hawakuniambia. Nilirudi nikakuta mashimo kumi na mbili safi, nzuri kuliko yenye nilichimba maisha yangu yote. Na shimo ya choo, Mungu wangu, nilipiga magoti nikaangalia chini, sikuona mwisho. Nikamusifu Radjabu mbele ya wazazi wote: "Hii ni choo ya wajukuu wa wajukuu!" Wakapiga makofi. Sikujiuliza hata mara moja choo ya watoto inataka nini na metre zote zile. Mabamba ya kufunika yangefika na kamiyo ingine, kwa hiyo tukazungusha shimo na bashi, watoto wasianguke. Miye mwenyewe nilifunga kamba ya ile bashi.

Tukamwaga beto, ile zege ya fondasio, tukaweka miguu ya chuma, tukasimamisha pano, kishale zote zikiangalia juu. Siku kumi kalasi ikasimama. Siku ya kuingia, watoto walivua viatu ku mulango, hakuna mwenye aliwaambia. Asina alipitisha kiganja ku ukuta, toka mwanzo mupaka mwisho, akamwambia Mama Beatrice: "Mama, haina vumbi." Mama Beatrice akageuka akaangalia upande wa kijito, nikajua analia.

Juma tatu zikapita. Nikapita kusalimia, Madamu Georgette, mwalimu wao, akaniambia mulango inakaza. Asina alikuwa shefu wa kalasi na njo alikuwa anafunga kila siku. Akanionyesha: anarudi nyuma hatua mbili, anaipiga na bega, pa! inafunga. "Njo vile nafanya, Papa," akasema na furaha. Nikatoa nivo. Povu ikakimbia upande moja. Kona ya upande wa choo ilikuwa imeshuka kidole moja na nusu.

Nilifanya nini? Nilipiga visi ya ule muguu mizunguko mbili, kona ikapanda, mulango ikafunga, nikafuta mikono. Tena nikaenda nyumbani nikaandikia kiwanda barua ya matusi, eti chuma yao ni laini. Ee! Miye, Floribert, mwanafunzi wa Ucircan! Aliniambia niende chini, nikaenda mupaka ku visi nikarudi. Chini ya visi kuna beto, chini ya beto kuna udongo, na udongo sikuuangalia. Nilisema ni mvua, udongo inalala, itazoea.

Juma iliyofuata mulango ikakataa tena, vidole mbili. Nilikuja siku ya pili ya juma, saa tatu asubuhi, na hasira ya barua yangu ya pili tayari mu kichwa. Sakafu ya ile kalasi iko juu ya udongo kipimo cha mukono moja, mutu anaweza kuingia na tumbo. Nikavua koti, nikaingia na tochi. Juu yangu watoto makumi tisa walikuwa wanasoma kwa sauti, wote pamoja, majina ya mito ya Kongo. Sakafu inatetemeka kidogo ku mugongo yangu. Nikafika ku kona. Nikaona udongo kando ya beto umepasuka, mupasuko wa kuingiza vidole.

Na nikasikia. Ku! Ku! Ku! Nilifikiri ni moyo yangu. Watoto wakanyamaza, Madamu anaandika ku ubao, na ile sauti ikanyamaza. Watoto wakaanza tena, Lualaba! Aruwimi! na ile sauti ikaanza tena. Ku! Ku! Nikaweka sikio ku udongo. Wallahi wa watu wengine, miye ni mukristo lakini siku ile niliapa na zote: chini yangu mutu alikuwa anapiga baramini, ile chuma nzito ya wachimbaji, na alikuwa anaipiga ndani ya sauti ya watoto ili isisikike.

Nilikuwa na kipande ya chuma ya beto mukononi. Nikaisukuma mu ule mupasuko. Iliingia. Ikaingia yote. Ikaniponyoka, na nikangoja kuisikia inaanguka, na ilichukua muda mbele ya kuanguka. Sijui nilitoka pale chini namna gani, shati ilipasuka, miye sikusikia.

Nilikimbia ku choo. Nyuma ya bashi yangu, na kamba yangu, nikakuta kandambili mbili zimepangwa vizuri kama ku mulango wa msikiti, na basani ya kuoshea, na muti wenye kukatwa ngazi unashuka mu shimo. Nikainama.

"Nani iko mule?"

Kisha sauti ikatoka mbali, si chini, upande. Upande wa kalasi.

"Papa Floribert? Ni miye."

"Radjabu! Uko nafanya nini? Juu yako kuko watoto makumi tisa!"

"Najua, Papa. Asina anakaa upande wa dirisha, juu yangu kabisa. Njo sababu pale nimetia miti mingi. Unafikiri naweza kuchimba vibaya chini ya mutoto wangu?"

Vijana, nimesikia maneno mingi mu hii muji, na vita tumeona, lakini maneno kama yale sijasikia. Hakuwa anasema uongo. Alichimba pale kwa uangalifu kuliko mahali yote ya maisha yake. Ye aliona kama ile ni mapendo.

"Toka," nikasema. "Toka polepole."

Kisha akasema, sauti chini sana: "Papa, sitoki. Muti moja imeteleza sasa hivi, wakati kitu iliangukia pale. Niko nayo ku bega. Toa watoto kwanza."

Ile kitu yenye iliangukia pale ilikuwa chuma yangu.

Nikakimbia ku kalasi. Nikashika kitasa. Na pale nikakumbuka. Munajua watoto wetu wanafanya nini mugeni akiingia mu kalasi? Wanasimama wote pamoja, pwa! na miguu ku sakafu, na kelele: "Bonjour, monsieur!" Kisha wanakaa wote pamoja, pwa! Kila mara nilipoingia pale walifanya vile, na miye nilikuwa napenda, nilikuwa nawaambia, "Ile haina nguvu, murudilie!" Watoto makumi tisa, miguu mia na makumi nane, na chini mutu moja na bega yake.

Nikaachia kitasa polepole. Nikaenda ku dirisha ya mbele na magoti na mikono, muzee mwenye wajukuu, natambaa mu majani. Nikainua kichwa mupaka macho tu. Madamu Georgette aliniona, chaki ikamuanguka. Alifungua kinywa kuwaambia watoto kuko mugeni.

"Madamu, kwa jina ya Mungu, usinisalimie. Wasisimame."

Alikuja ku dirisha. Alifikiri nimegonjwa. Nikamwambia na maneno kidogo tu: kuko shimo chini, kuko mutu anaishika, watoke moja-moja. Uso yake ikawa kama jivu. Msichana wa miaka makumi mbili na nne, mwaka wake wa pili mu kazi. Nilifikiri atapiga kelele. Akageuka, akapangusa mikono ku nguo, na akasema na sauti ya kila siku:

"Watoto, leo tunajifunza kutoka kama watu wanaenda kupokea komunyo. Mwenye nitasikia muguu yake, anarudilia mwaka."

Wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Nikamuonyesha na kidole: wa upande wa dirisha kwanza, kupunguza uzito pale. Wakaanza. Mikono imeunganishwa ku kifua, mabinti na vijana, wakristo na waislamu wote wanaenda komunyo. Moja. Moja. Moja. Nilikuwa nahesabu. Walipofika makumi nne inje, mutoto moja akakumbuka mufuko yake, akageuka kukimbia, Madamu akamukamata ku kola bila hata kumuangalia akamuendesha inje. Mama Beatrice alikuwa amefika, nikamwambia yote ku sikio. Alienda ku mulango akasimama pale, na kila mutoto mwenye alitoka alimugusa kichwa.

Lakini Asina alikuwa hatoki. Nilimufanyia ishara ku dirisha, yeye wa kwanza pale, toka! Akatikisa kichwa. Shefu wa kalasi anatoka wa mwisho na kitabu ya majina, ile njo sheria yao, na Madamu mwenyewe aliwafundisha. Alisimama pale pale juu ya baba yake na kitabu ku kifua, mutoto mwembamba wa miaka kumi na mbili, akingoja wengine wapite kwa adabu. Nilitaka kulia kwa sauti. Sikuweza hata kumuita.

Akatoka wa mwisho nyuma ya Madamu. Nikapumua. Na akafanya nini? Akavuta mulango, mulango ikakataa, akarudi nyuma hatua mbili na bega yake tayari. Niliruka. Nilimukamata hewani, na kitabu yake, na yote.

Nikarudi ku shimo. "Wametoka!"

"Asina?"

"Ametoka, niko naye! Kuja!"

Nikasikia miguu inakimbia chini ya udongo. Kisha ardhi ikafanya sauti ya tumbo, ndefu, na vumbi ikatoka mu shimo ikanipiga mu macho. Kona ya kalasi ikashuka mbele yetu, polepole, kipimo cha mutu mwenye anakaa ku kiti. Vioo vikapasuka. Watoto makumi tisa hawakulia, walisimama tu. Nilisema basi, Radjabu amezikwa, na miye njo nimemuzika.

Mukono moja ikatoka mu shimo ya choo. Tukamuvuta. Alikuwa wa rangi ya udongo toka kichwa mupaka vidole, bega yake inatoka damu, ngozi imechunika. Akakaa pale ku majani, mbele ya masomo yote, akitafuta na macho. Asina alimuona. Wote walimuona.

Mama Beatrice alimuuliza, bila hasira, na ile njo ilikuwa mbaya zaidi: "Baba Asina, ulipata nini mule?"

Akajibu: "Haitoshi kufunika ukucha, Mama."

Miye nikasimama nikakiri mbele ya wazazi wenye walikuwa wamekimbilia pale, kama ni miye nilisema osheni, na miye nilikwenda nikaacha mashimo bila jicho. Nilifikiri Mama Beatrice atanituliza. Akaniambia: "Papa Floribert, ye alikuwa na baramini. Weye ulikuwa na nivo." Nikakaa chini. Mupaka leo nikikosa usingizi ni yale maneno.

Nitasema pia neno moja ya kusifu kiwanda, yenye niliitukana mu barua. Kalasi ya matofali ingekuwa imekufa pale. Hii tuliifungua bulo kwa bulo, tukatupa pano mbili zenye zilipinda, na wazazi wakaibeba tena ku mabega, hatua makumi tano kwenda juu, kwenye udongo mugumu. Juma moja ilisimama. Mashimo ya fondasio nilichimba miye mwenyewe, na mugongo huu, kila moja nikaipiga chini na chuma mupaka mikono ilifanya malengelenge. Shimo ya zamani Radjabu aliijaza peke yake, na mukono moja imefungwa ku shingo. Wazazi walitaka kumufukuza. Mama Beatrice akakataa, akasema: "Mutoto wake ni wangu." Alipomaliza kujaza, alikuja kufunga bulo na siye.

Asubuhi ya kuingia mara ya pili, nilikuja mapema na nivo. Povu ilikaa katikati, haikutikisika. Watoto wakapanga mustari, Asina mbele na kitabu yake ya majina. Alifika ku mulango. Hakuingia. Akaweka kitabu ku majani, akapiga magoti, akalaza shavu ku udongo na akaangalia chini ya sakafu, polepole, toka kona moja mupaka kona ingine. Akasimama, akapangusa magoti, akaingia. Mwenye alikuwa nyuma yake akafanya vile vile. Na mwenye alimufuata. Wote makumi tisa, moja-moja, magoti chini, shavu chini, hakuna mwenye aliwaambia.

Ikawa vile kila siku. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Radjabu alikuwa nyuma yangu, ufunguo ya bulo mukononi, anakaza muguu ya mwisho. Nikainama karibu na Asina.

"Mutoto yangu, fondasio iko nzuri. Miye mwenyewe nilichimba, nilipima. Unaangalia nini tena?"

"Najua, Papa Floribert," akasema. "Naangalia kama papa yangu hayuko mule."